Majina Aliyoniachia Pi-hsia

18 Mei

Mvua za plamu, zile za msimu wa matunda hayo kuiva, zimeanza alfajiri. Nilizisikia kwenye bati la banda la pikipiki kabla sijafungua macho. Mke wangu Pi-hsia angesema, "Zimeingia bila hodi." Nimelisema hilo mwenyewe jikoni, kwa sauti, kisha nikanywa uji wangu.

Nimeamua kuandika kidogo hadi mvua ziishe, maana leo mkuu wetu, Bwana Chien, ametuambia kwamba kompyuta ya zamani pale ofisi ya mifereji itaondolewa katikati ya Juni. Mpya imeshafika, bado imo ndani ya boksi lake. Aliniita pembeni akaongea nami taratibu, kama mtu anayebeba bakuli lililojaa. Alisema kazi ya asubuhi ni yangu nikiimudu kwenye hiyo mpya. Nisipoimudu nitarudi stoo kutengeneza vipimo vya mvua kama zamani, na hakuna atakayenicheka.

Siogopi stoo. Nimekaa stoo zaidi ya nusu ya maisha yangu. Ninachoogopa ni kwamba majina ya Pi-hsia yamo ndani ya ile ya zamani.

19 Mei

Nieleze vizuri, maana jana niliandika nikiwa na usingizi.

Kila asubuhi mtu wa kiti ninachokalia ofisini huchukua vipimo vya mvua ya usiku kutoka milimani, huangalia ni wapi maji yamezidi, kisha huwatumia walinzi wa malango ujumbe: fungua, funga, acha nusu. Mlinzi asipopata ujumbe mapema, maji huingia mashambani, na hapa Sanxing mashamba ni vitunguu vya majani. Kitunguu hakijui kuogelea. Kiti kilikuwa cha mke wangu, na kazi yote aliifanya kwa kuandika amri, bila kubofya picha yoyote. Skrini nyeusi, maandishi meupe. Nilizoea kumpelekea chai nikaziona zile amri, ndefu kama treni ya mizigo, zimejaa mikwaju na nukta na vistari.

Alipolazwa majira ya baridi, ofisi haikuwa na mtu mwingine. Akaomba niwekwe mimi kwa muda. Nikamwambia mimi ni fundi wa spana, nimeishia shule ya ufundi, sitaweza. Akajibu kwamba hana muda wa kunifundisha lugha nzima, atanifundisha majina tu.

Akakaa kitandani na kompyuta mpakato ya ofisi juu ya mapaja, sindano ikiwa mkononi, akaanza kuzipa amri lakabu. Kila treni ya mizigo akaipa jina fupi la nyumbani. *Amka* lingeleta vipimo vya usiku. *Chungulia* lingenionyesha palipozidi tu. *Ita* lingewaamsha walinzi. Jioni, *batsang* lingekusanya vipimo vya siku nzima, livifunge pamoja kama chakula chenye jina hilo, wali wa kunata kwenye majani ya mianzi, lifunge kamba yenye tarehe na kuvituma kaunti vikahifadhiwe. Nilicheka jina hilo mpaka muuguzi akaja kuangalia.

La mwisho halikuwa jina jipya. Alichukua amri ya kufuta, ile ya kawaida, akaifundisha kuuliza kwanza. Kwa kawaida amri hiyo haiulizi. Ukisema futa, inafuta, na hakuna jalala la kwenda kupekua. Akaigeuza iseme kila mara: "Nifute faili hili?" nami nijibu ndiyo au hapana. Alisema amenijua miaka mingi, na mtu aliyetupa mtungi wake wa figili za chumvi akidhani zimeoza anahitaji kuulizwa.

Alifariki kabla ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi. Tangu hapo nafanya kazi yake kwa majina yake. Amri zenyewe zilizo nyuma ya majina hayo sizijui hata moja.

20 Mei

Mvua. *Amka, chungulia, ita*. Jioni *batsang*.

23 Mei

Amekuja mfanyakazi mpya kusimamia kuhamia kwenye kompyuta mpya. Anaitwa Kao Yun-ju, mtu wa Pingtung huko kusini, amepanga chumba Luodong ng'ambo ya mto. Ni msichana, nywele fupi, hana koti la mvua. Alifika ameloa akajikausha kwa karatasi za choo bila kulalamika, akakaa meza ya dirishani na kuanza kuchapa.

Anaandika kila amri nzima, kutoka kichwa hadi mkia. Nilisimama nyuma yake na kikombe changu. Vidole vyake havisiti, ila haachi hata herufi moja. Nilimuuliza kama hana majina ya mkato. Akasema hana, na hataki. Nikarudi mezani kwangu.

Nikafuta mafaili machache ya zamani. "Nifute faili hili?" Ndiyo. "Nifute faili hili?" Hapana. Leo hakuna mwingine aliyeniuliza kitu.

27 Mei

Kaka Huo-wang amekuja kulipia leseni ya pampu. Analinda lango la chini kabisa, na shamba lake limelala nyuma ya lango hilo kama paka nyuma ya mlango. Amezidi miaka sabini na mdomo wake haujazeeka. Akamtazama Yun-ju, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika kote kama ofisi sasa inaajiri wanafunzi wa shule.

"Mkeo alikuwa ananiamsha kabla ya jogoo," akaniambia. "Wewe unaniamsha baada ya jogoo. Mwakani utaniamsha baada ya chakula cha mchana."

Nikasema jogoo wake ndiye anayewahi. Akacheka. Aliponyamaza alikitazama kiti, nami nikajua anamwona nani.

30 Mei

Mvua. Paa la stoo linavuja mahali palepale. *Batsang* imechukua muda leo, nadhani mtandao.

2 Juni

Leo tumezungumza, mimi na Binti Kao, kama hayo ni mazungumzo.

Nilimuuliza kama majina yanaweza kuhamishwa kwenda kwenye mpya. Nilikuwa nimejiandaa kusikia hapana tangu ile siku ya kwanza. Akajibu bila kugeuka kwamba ni faili moja dogo tu, linanakiliwa kwa dakika. Nikaanza kumshukuru. Kisha akageuka.

"Lakini Mjomba Yu, ukikaa kwenye mashine isiyo na faili hilo, utafanya nini?"

"Kwa nini nikae kwenye mashine nyingine?"

"Watu hukaa," akasema.

Akaeleza kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzunguka na kutengeneza kompyuta za watu, leo hapa kesho pale, na hakuna hata moja iliyokuwa yake. Alijiwekea majina mazuri mwanzoni. Siku moja akajikuta mbele ya kompyuta ya mteja, mikono imejaa majina, kichwa hakina kitu. Tangu siku hiyo huandika yote. Alisema mtu anapaswa kujua anaiambia nini mashine.

Niliona ni maneno makavu. Nilimwona kama wale wageni wanaosafiri na sabuni yao. Sasa usiku huu nafikiri labda hajawahi kuwa na mtu wa kumpa jina la mkato.

6 Juni

Yun-ju ameniona nikisafisha folda. Ninavyofanya ni hivi: naamuru vyote vifutwe, kisha naulizwa kimoja kimoja, na kile ninachokitaka nasema hapana. Ni rahisi kuliko kuvitaja ninavyotaka kuvitupa. Ninapenda pia kuulizwa.

Alisimama na kikombe chake cha tambi mkononi akatazama mpaka mwisho. Akasema ni kama kucheza ukingoni mwa shimo kwa sababu kuna mtu amekushika shati.

Nikasema huyo mtu hajawahi kuniachia. Akarudi kula tambi zake.

8 Juni

Jua kidogo mchana. Nimeanika mashuka. Koti la mvua la Pi-hsia bado liko msumarini nyuma ya mlango, la njano, mfuko mmoja umeshonwa kwa uzi wa bluu. Sijaligusa. Mvua ikarudi kabla mashuka hayajakauka.

10 Juni

Sikukuu ya mashua za joka. Mtaa mzima unanuka majani ya mianzi yaliyochemshwa. Nyumba yenye msiba haifungi batsang mwaka wa kwanza; inasubiri kuletewa. Dada yake Pi-hsia yuko Kanada kwa binti yake, na majirani, nadhani kila mmoja alifikiri mwingine ataleta. Hilo hutokea. Nilikaa sebuleni mlango ukiwa wazi mpaka saa tisa, kisha nikaufunga kwa sababu ya mbu.

Sina cha kulaumu. Ila nilikumbuka vile Pi-hsia alivyokuwa akifunga: kamba moja ndefu msumarini, zimening'inia rundo zima, nami kazi yangu kukaza fundo. "Kaza, si kunyonga," alikuwa akisema.

Ofisi imefungwa, lakini mvua hazina sikukuu, kwa hiyo jioni nilikwenda kufunga vipimo. Juu ya kibodi yangu kulikuwa na mfuko wa plastiki. Ndani, batsang mbili, za kusini, zilizochemshwa, zenye karanga. Hakuna karatasi wala jina. Ofisi nzima ina mtu mmoja wa kusini.

Nilikula moja palepale nimesimama. Ilikuwa laini mno, si kama zetu. Huo-wang huziita uji uliovaa majani. Niliimaliza nikalamba jani. Kisha nikaandika *batsang* na kubonyeza.

12 Juni

Wameichukua kompyuta ya zamani. Vijana wawili wa kaunti waliitoboa diski yake kwa drili hapohapo kwenye baraza, kama sheria inavyotaka, ili siri za mifereji zisitoke. Mmoja alinipa unga wa chuma mkononi kwa mzaha. Nikacheka naye.

Yun-ju alikuwa ameshanakili kila kitu kwenye folda moja ndani ya mpya, lile faili la majina likiwemo. Akaniambia kwa kawaida faili la namna hiyo hujificha, kwa hiyo amelipa jina la wazi ili nilione. Kesho nipitie folda, nitupe takataka, na yeye akirudi kutoka kaunti atayaweka majina mahali pake yaanze kufanya kazi. Nilimshukuru kwa batsang. Akasema batsang gani, akatazama nje.

13 Juni

Nimefuta majina.

Naandika nilivyofanya, maana nimeyarudia kichwani siku nzima. Yun-ju aliifanya kazi ya asubuhi mwenyewe, kisha akaenda kaunti. Mvua ilikuwa nyepesi. Nilikaa mbele ya mpya, nikafungua folda, nikaona mafaili mengi ya zamani, rasimu, vipimo vya miaka ambayo kaunti inavyo tayari. Nikafanya ninavyofanya siku zote. Nikaamuru vyote vifutwe, nikaweka kidole tayari juu ya herufi ya kujibu.

Hakuna kilichoulizwa. Skrini ilishuka mstari mmoja ikanyamaza. Nilisubiri. Nilidhani inafikiri. Nikatazama folda, na folda ilikuwa tupu, safi kama sahani iliyorambwa.

Ile amri ya kuuliza ilikuwa imo ndani ya faili lenyewe, na faili lilikuwa bado halijawekwa mahali pake. Kwenye mashine hii kufuta ni kufuta. Mkono ulioshika shati haukuwepo, nami niliruka kama kawaida yangu.

Nilimpigia Yun-ju. Akauliza kama nina nakala popote. Nikasema hapana. Akauliza kuhusu ile kompyuta mpakato ya ofisi aliyoitumia Pi-hsia hospitalini. Nikasema hiyo ilikuwa dirisha tu la ile ya zamani, na ile ya zamani imetobolewa. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alisema vipimo vyenyewe viko salama kaunti, hakuna kazi ya ofisi iliyopotea, na kesho tutaona.

Hakuna kazi ya ofisi iliyopotea. Ni kweli.

Pi-hsia alinifundisha akiwa hawezi kuinua kijiko.

14 Juni

Naandika mchana, miguu yangu ndani ya beseni la maji ya moto.

Mvua kubwa ilianza kabla ya mapambazuko, ile inayopiga bati bila kupumua. Nilitoka mbio. Koti langu lilikuwa limeloa tangu jana, kwa hiyo nilinyanyua la Pi-hsia msumarini bila kufikiri. Mikono ya koti iliniishia chini kidogo ya viwiko. Pikipiki ilizima njiani mara mbili.

Ofisini hakukuwa na mtu. Mkuu Chien alikuwa amekwama nyumbani, mtaa wao umejaa maji. Nikampigia Yun-ju. Daraja la kutoka Luodong lilikuwa limefungwa, na alisema kaunti haikubali kuzungumza na kompyuta yoyote isipokuwa hii ya ofisi, kwa hiyo hawezi kufanya kutoka kwake. Ni mimi.

Nikakaa. Nikaandika *amka*, kwa mazoea. Ikajibu kwamba haijui neno hilo.

"Siwezi," nikamwambia.

"Weka simu kwenye spika, Mjomba. *Amka* alikuwa anafanya nini?"

"Anaamsha."

"Anaamsha nani?"

"Kaunti. Anabisha hodi kaunti, anataja jina letu, kisha analeta mvua ya usiku."

"Analeta yote, au ya vipimo vyetu tu?"

Nikafikiri. Nikakumbuka ile orodha ikishuka kila asubuhi, vijito vyetu tu, kuanzia juu mlimani kuja chini. Nikamwambia. Akasema sawa, akaanza kunitajia amri, herufi kwa herufi, nami nikachapa kwa vidole viwili. Aliposema mkwaju nikaweka mkwaju, akasema si huo, ule unaoegemea upande mwingine. Aliposema nafasi sikuacha nafasi. Mara mbili mashine ilikataa, mara mbili akasema turudie, kwa sauti ileile, kama mtu anayemvusha mtu mto kwa mawe.

Mara ya tatu vipimo vikaja. Vyote, mstari kwa mstari. Nilipiga kelele peke yangu.

"Sasa huyo *chungulia*," akasema.

Nikamwambia *chungulia* anaacha wadogo wote anaonyesha wakubwa. Wakubwa kuliko nini? Kuliko kiwango cha lango. Kiwango gani? Hapo nilikuwa najua mimi, maana vipimo hivyo nimevitengeneza kwa mikono yangu stoo, najua kila kimoja kinamwaga wapi. Nilimtajia viwango, akavigeuza kuwa amri, akanirudishia. Nikaona malango manne yamezidi. La mwisho lilikuwa la Huo-wang.

*Ita* ndiye aliyetuchelewesha. Sikujua anawapataje walinzi. Nilisema anawaita tu. Yun-ju akauliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake, na dakika zikapita, na mvua ikazidi. Mwishowe nilimwambia asubiri, nikachukua simu ya mezani nikawapigia walinzi wote wanne mmoja baada ya mwingine, kama zamani kabla ya kompyuta. Watatu walipokea. Huo-wang hakupokea mpaka mlio wa mwisho.

"Nimo ndani ya maji, mwanangu," akasema. "Lango nimefungua mwenyewe. Jogoo ndiye aliyeniamsha."

Shamba lake la chini lilikuwa limeshazama.

Nilibaki nimekaa. Yun-ju alikuwa bado kwenye spika, nilikuwa nimemsahau. Aliuliza polepole kama nimeshakula chochote. Nikasema bado. Akasema kuna batsang moja kwenye friji, kuna mtu aliiacha.

15 Juni

Nimekwenda kwa Huo-wang. Maji yametoka, vitunguu vimelala upande mmoja kama nywele za mtu aliyeamka. Nilimwambia kosa ni langu, nikamweleza nilichofuta. Hakuelewa kompyuta, lakini alielewa.

Alinitazama na lile koti, maana mvua ilikuwa ingali ikinyesha na langu bado halijakauka.

"Leo umevaa la mkubwa wako," akasema. "Linakubana. Yeye lilimpwaya."

Kisha akanipa fungu la vitunguu vyenye tope. Alisema vilivyozama haviuzwi lakini vinaliwa, na kwamba shamba la juu halikuguswa, nisijifanye nimezamisha dunia. Nilivikaanga na mayai. Vilikuwa vitamu.

16 Juni

Mvua. Siku nzima Yun-ju aliniandikia amri kwenye vibandiko vya manjano, nami nikavibandua kila nilipoanza kukumbuka. Jioni amri ya kufunga vipimo nilikosea tarehe.

18 Juni

Tumeanza kuyajenga upya majina. Wazo lilikuwa la Yun-ju, jambo lililonishangaza. Akavuta kiti karibu, akasema nimwelezee kila jina, siyo amri, bali lilivyokuwa likifanya kazi, yeye atatafuta treni ya nyuma yake.

Basi nikaeleza. Nilijikuta namwelezea Pi-hsia. *Nyumbani*, lile la kurudi kwenye folda kuu kutoka popote ulipopotelea, lilitoka kwenye tabia yake ya kusema neno hilo kila pikipiki ilipokata kona ya duka la tofu. *Chungulia* ni vile alivyokuwa akiinua kifuniko cha sufuria kidogo tu, mvuke usitoke wote. Yun-ju hakuandika mambo hayo, alikuwa anasikiliza mikono ikiwa juu ya kibodi. Kwenye *batsang* alikaa sana. Akasema amri iliyokuwa nyuma yake lazima ilikuwa na kazi nne moja ndani ya nyingine, na mtu aliyeifupisha hivyo akiwa na homa hakuwa mtu wa mchezo.

Halafu akasema jambo jingine, akitazama skrini. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la sita. Kila sikukuu tangu hapo amefunga batsang mwenyewe, kwa kukisia, hakuna aliyewahi kumfundisha fundo.

Nilimwambia mwakani nitaruhusiwa kufunga. Akauliza ni nani atakaza kamba.

"Mimi," nikasema. "Hiyo ndiyo kazi ninayoijua."

19 Juni

Limebaki jina moja, lile la kuuliza. Yun-ju anasema liko tayari, niseme tu. Nimemwambia anipe siku mbili tatu.

20 Juni

Mvua.

24 Juni

Mkuu Chien amekuja na kiti chake akakaa nyuma yangu kuniona nikifanya kazi ya asubuhi. Majina yote, isipokuwa lile la kuuliza, yalikuwepo, yamefanya kazi tangu wiki iliyopita. Lakini nilipoweka mikono nikaandika amri nzima. Sikupanga. Nilibisha hodi kaunti kwa jina letu, nikaleta mvua ya usiku, nikaacha wadogo nikaonyesha wakubwa. Kila kipande nilikijua kilikokuwa kikienda. Nilipokuwa nikiandika niliona yote aliyoninyang'anya Pi-hsia ili nisibebe, kistari kwa kistari, na jinsi yalivyokuwa mazito.

Mkuu alisema ni polepole. Yun-ju akasema kutoka dirishani kwamba ni polepole lakini ni sahihi. Mkuu akasema basi, kiti ni cha Kaka Yu, akaondoka na kiti chake. Mlangoni alirudi akasema Pi-hsia naye mwanzoni alikuwa polepole, yeye alikuwepo. Sikuwahi kulijua hilo.

26 Juni

Nimemwambia Yun-ju aliache lile la kuuliza. Kufuta kubaki kufuta. Hakuuliza sababu, nami sikuwa nayo iliyokamilika. Nadhani Pi-hsia alinishika shati kwa sababu alijua anaondoka, na sasa naweza kusimama mbali kidogo na shimo.

Lakini ni kimya. Sikutegemea kutakuwa kimya hivi. Nafuta faili, mstari unashuka, basi.

29 Juni

Jua. Nimefua koti la njano nikalirudisha msumarini. Jioni nilimwona Yun-ju amekaa kwenye mashine kufunga vipimo, kazi yangu, maana nilikuwa nimechelewa stoo. Aliandika neno moja fupi akabonyeza. Aliponiona nimesimama nyuma yake alisema ile amri nzima ni ndefu mno na yeye ana basi la kuwahi.

1 Julai

Redio imesema mvua za plamu zimekwisha. Sasa ni joto na kusubiri vimbunga. Nitaacha kuandika leo kama nilivyojiahidi.

Mchana nilikuwa nasafisha folda. Nimezoea sasa kutaja ninavyovitupa, kimoja kimoja, na kabla sijabonyeza husema chini kwa chini lile swali, maana mdomo wangu umebaki nalo. Ofisi ilikuwa tulivu, feni inazunguka, Yun-ju ameinamia kazi yake dirishani.

"Nifute faili hili?" nikasema.

Bila kuinua kichwa akauliza, "Faili gani, Mjomba?"

Ilinibidi nimtajie jina lake, na tarehe yake, na lilikuwa na nini ndani. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hilo nilibakize.